Dirii Zenye Alama ya Zizi Letu

Kutwa nzima nilishinda na ngozi, na jua likipungua makali nilinawa mikono, nikapanda baiskeli, nikaenda kulipia kiti ili nishinde na ngozi nyingine. Ukimweleza mtu hivyo leo anacheka. Mimi wakati ule sikucheka, maana hata nguvu ya kucheka ilikuwa imeniishia.

Ngozi za mchana zilikuwa za kweli. Nilifanya kazi kwenye ghala moja nje kidogo ya mji wa Singida, jirani na machinjioni, kazi ya kupaka chumvi. Zamani ngozi zilinunuliwa na serikali zikaenda kiwandani kuwa viatu. Lilipokuja soko huria, kiwanda kikafungwa, wakaja wafanyabiashara wenye malori, wakazibeba mbichi hivyo hivyo na chumvi yetu, zikavuka bahari. Viatu vikaturudia mitumba. Sisi kazi yetu ilikuwa kutandaza, kukwangua mafuta, kumwaga chumvi, kukunja. Chumvi hiyo ikiingia kwenye mchubuko wa kidole, utakumbuka dhambi zako zote. Inzi ndiyo usiseme.

Ngozi za jioni zilikuwa ndani ya kompyuta, kwenye intaneti kafe pale Utemini nilikopanga chumba. Ulikuwa mchezo ambao watu wa dunia nzima wanaingia kwa pamoja, kila mmoja na mtu wake mle ndani, anatembea, anapigana, anafanya kazi, anauza na kununua. Mtu wangu alikuwa mwanamke mfupi mwenye shoka mgongoni. Nilikuwa najifunza kutengeneza dirii, yaani yale mavazi magumu ya vita ya kuzuia upanga na mshale. Mimi dirii nilizisikia kanisani tu, na hata huko nilikuwa nasinzia.

Usinione nilikuwa na akili za kitoto. Nilikuwa namtafuta mdogo wangu.

Mdogo wangu huyo ndiye mtoto wa kiume pekee kwetu, tena kitinda mimba. Alisoma sekondari mjini akiishi kwangu, na mchezo ule aliuanzia kwenye kafe ile ile. Alipomaliza kidato cha nne akarudi kijijini, upande wa Ikungi, achunge ng'ombe wa baba huku akisubiri matokeo. Basi Jumapili moja, nami nimekwenda kuwasalimia, mchezo ukamwita. Akawaacha ng'ombe peke yao, akapiga baiskeli mpaka mjini, akakaa kwenye kompyuta. Ng'ombe nao wakaingia kwenye uwele wa jirani. Jirani yetu yule hana simile, akatoka na panga, akamkata mguu mtamba wetu mwenye mimba. Jioni tukamchinja, hapakuwa na namna. Nyama yake wengine waliila. Baba hakuigusa.

Baba hakumpiga mdogo wangu. Bora angempiga, yakaisha. Alimngojea mlangoni mwa zizi, fimbo imelazwa begani, na aliporudi akamwambia neno moja mbele yetu wote:

"Zizi hili utalikanyaga mimi nikiwa nimekufa."

Ni neno ambalo wazee wengi hulisema wakiwa na hasira, kesho yake wakasahau. Mdogo wangu hakusubiri hiyo kesho. Kabla hakujapambazuka alikuwa ameshaondoka. Laini ya simu akaibadilisha. Mara tukasikia yuko Dar es Salaam, mara yuko Arusha anabeba mizigo, lakini aliyemwona kwa macho hakuna. Baba alikuwa akiona vumbi la baiskeli barabarani ananyanyuka kitini, halafu anajifanya anatafuta ugoro.

Mwaka uliofuata, mvua hazijaanza, baba akaugua kifua akafa. Tukamzika bila mwanawe wa kiume, na watu waliokuja kutupa pole walikuwa wakiuliza yuko wapi.

Hapo ndipo likaja suala la ndama. Kwetu kila zizi lina alama yake ya sikio. Yetu, sikio la kulia linachanwa ncha mara mbili, la kushoto linatolewa kipande kama jino kwa chini. Baba ndiye aliyekuwa akiwakata, kwa kisu chake kidogo, na hakumpa mtu mwingine kisu hicho. Baba akishaondoka, wa kwanza kukata ni mwanawe wa kiume. Mama alilishikilia jambo hilo kwa mikono miwili. Ndama wakazaliwa, wakaacha kunyonya, wakaanza kuota pembe, na masikio yao mazima. Ndama wa masikio mazima ni wa yeyote. Akijichanganya na kundi la mtu kwenye maji, utasimama mbele ya baraza useme nini? Baba yetu mdogo alijitolea kuwakata, mama akamkatalia, wakanuniana mpaka kwenye salamu. Mama alisema wale ndama wana mwenyewe. Kila Jumapili nikienda kumsalimia, kabla sijatua mzigo anauliza kama nimempata.

Akaniwekea na sharti. Nikimpata, nisimwambie kifo huko kwenye mashine. Nimwambie mzee anaumwa, aje. Kwetu msiba hautupiwi mtu akiwa mbali, peke yake, hana wa kumshika mkono. Unamwita kwanza, anafika, anaona watu wamekaa nje, anajua mwenyewe.

Nilimpata kwa sababu ya mwenye kafe. Mtu huyo alikuwa mchezaji pia, macho mekundu kama pilipili, na aliniambia kwamba mdogo wangu bado yumo mchezoni. Mle ndani alikuwa anatumia jina la dume letu jekundu, neno la Kinyaturu ambalo huko Ulaya nani angelijua. Amekuwa mkubwa, akasema, ni kiongozi wa kundi lenye ngome yake. Nikamwambia basi nimwandikie. Akanicheka. Binamu yetu alishamwandikia, na siku ile ile akafungiwa asiandike tena. Sasa hivi wanaoweza kumfikia ni watu wa kundi lake tu, na kundi lake halipokei mtu asiye na kazi. Wakati ule walikuwa wanatafuta fundi wa dirii.

Nikamwambia anifundishe. Nilichoka kabla sijaanza.

Sijui ni nani huko aliyefikiri kwamba watu watatafuta raha kwa namna ile. Unaanza na mkanda. Unawinda mnyama, unamchuna kwa kubonyeza, ngozi unaipeleka kwa mzee mmoja mwenye ndevu aliyechorwa pale, naye siku zote anasema sentensi ile ile ya Kiingereza. Unaichemsha, unaikata, unaishona, na mashine inaamua kama umefaulu. Mara nyingi inasema umeharibu, na ngozi imepotea. Unarudi porini. Ukishashona mikanda mpaka ukaichukia, unaruhusiwa kushona viatu. Baada ya viatu, glovu. Kifua, ambacho ndicho dirii yenyewe, kiko mwisho kabisa. Na laini ya pale ilikuwa inakwenda kwa kusuasua, picha inafunguka kidogo kidogo, na umeme ukikatika katikati ya kushona, kazi yote imekwenda na maji.

Kuna siku nilimwambia mwenye kafe kwamba afadhali ya ghalani, maana ngozi ya ghalani hata ukiikosea, bado ipo. Akasema nina mdomo. Ndiyo, ninao. Mikono ilikuwa imepasuka kwa chumvi, kila nikibonyeza herufi inauma, na wanafunzi waliokuwa wakingoja kompyuta walikuwa wananiita mama dirii, eti kwa kunong'ona. Niliwasikia. Sikuwa na nguvu ya kugombana nao.

Mvua zikaja, zikapita. Nikafika kwenye kifua. Nikaomba kuingia kundini kwa jina nililobuni tu, nikapokelewa na msaidizi wake, mtu wa nchi gani sijui, aliyekuwa ananipa kazi bila salamu. Leta viatu. Leta glovu. Mdogo wangu nilikuwa namwona kwa mbali akipita na farasi wake, watu wanampisha. Sikuthubutu kumwandikia, asije akanifungia kama binamu. Niliona fahari, halafu nikaona hasira kwa ile fahari. Huku nyumbani mama anahesabu masikio ya ndama, wewe umepanda farasi wa kuchorwa.

Dirii ya kifua ina jambo moja la ziada. Ukiimaliza, mashine inakufungulia kijidirisha chenye vijumba vidogo, uchore alama ya fundi kwa kutia rangi kijumba kimoja kimoja. Wengine wanachora simba, wengine mafuvu. Mimi nilichora masikio mawili. La kulia nikalichana ncha mara mbili. La kushoto nikalitoa jino kwa chini. Mkono wenyewe ulikuwa unakwenda, maana tangu nina akili nimeshika vichwa vya ndama baba akikata. Kila dirii iliyotoka kwangu ilitoka na alama hiyo, na kundi zima la wale wazungu na Wachina na sijui akina nani likawa linatembea kifuani na alama ya zizi letu la Ikungi. Nikawa nangoja ya mdogo wangu iagizwe.

Ikaagizwa. Nikaishona siku ambayo ghalani tulikuwa tumepakia lori tangu asubuhi, mgongo haunyooki. Nikaichora alama polepole kuliko zote, nikamtumia. Nikakaa nikiangalia kioo. Mwenye kafe akaniuliza kama naongeza muda, nikamwonyesha mkono anyamaze.

Ujumbe ukaja kwa Kiswahili.

"Hii alama umeitoa wapi?"

Nikamjibu, "Nyumbani."

Nikahesabu dakika nilizolipia, nikidhani ameshanifungia na mimi. Halafu akaandika: "Shikamoo dada."

Nilitaka kumtukana. Nilikuwa nimeandaa maneno tangu kwenye mikanda. Badala yake machozi yakanitoka mbele ya wale wanafunzi, nikaandika, "Marahaba. Mzee anaumwa kidogo. Njoo nyumbani."

"Anaumwa tangu lini?"

Sikujua kudanganya vizuri kwa vidole. Nikaandika, tangu kabla ya mvua.

Mvua zilikuwa zimeshakwisha, watu wanavuna. Mtu aliyekulia kwetu haelezwi zaidi ya hapo. Hakuuliza tena habari ya ugonjwa. Yule mtu wake alishuka kwenye farasi, akasimama tu pale uwanjani pa ngome, na wenziwe wakawa wanampita wakimwandikia mambo yao ya vita. Nikataka kumshika mkono. Nitamshikaje? Mtu wangu alikuwa na shoka tu.

Baadaye akaniuliza kama ndama wameshakatwa masikio. Nikamwambia bado, mama amekataa, wanakungoja wewe. Nikamwambia baba alikuwa akinyanyuka kila akiona baiskeli. Nikamwambia lile neno lilikuwa la hasira, halikuwa laana. Niliandika haraka, herufi zinarukana. Akajibu hivi, na haya ndiyo maneno yake yote:

"Alisema nitalikanyaga akiwa amekufa. Nikija sasa, dada, itakuwa kama nilikuwa nasubiri afe. Siwezi. Kata wewe. Nimeona mkono wako, hautetemeki."

Halafu akatoka mchezoni. Niliingia siku zilizofuata, hakuwepo. Ngome yao ikashikwa na kundi jingine, dirii zangu zikagawanywa kama nyara, na mimi nikaacha kwenda.

Jumapili nilikwenda kwa mama. Alikuwa anapepeta uwele uani. Akauliza swali lake, nikamwambia nimempata. Ungo ukasimama. Nikamweleza yote, sikumficha, hata lile la kukataa kuja. Nilitegemea alie, au anigombeze kwamba nimemwambia kifo kwenye mashine. Aliuliza kama amenenepa. Nikasema kule watu hawaonekani miili. Akauliza kama alinisalimia. Nikasema ndiyo, alinipa shikamoo kabla ya kitu kingine chochote. Akatikisa kichwa kidogo, akaingia ndani, akatoka na kisu cha baba kimefungwa kwenye kitambaa.

Tukaenda zizini wenyewe wawili. Mama alishika vichwa, mimi nikakata. La kulia mara mbili, la kushoto jino. Mkono kweli haukutetemeka. Kuushona ule upuuzi wote kulinifundisha angalau hilo. Damu ya masikio ilinirukia kwenye gauni, na yule baba yetu mdogo alikuja akasimama nje ya lango, akaangalia, akaondoka.

Akabaki ndama wa mwisho, dume jekundu, mjukuu wa lile dume lililompa mdogo wangu jina. Nikamsogelea. Mama akanishika kiwiko, akasema kwa Kinyaturu nimwache huyo.

Nilikuwa nimechoka, nikamjibu vibaya. Nikamwuliza anamwacha kwa ajili ya nani, mtu mwenyewe ameshasema haji.

"Amesema haji zizini," mama akanijibu. "Hajasema haji kwangu."

Akachukua kisu, akakifuta kwenye khanga yake, akakifunga tena kwenye kitambaa. Yule ndama akakua akawa dume kubwa la masikio mazima, na kila mnunuzi aliyepita kutuambia kwamba ng'ombe asiye na alama hana mwenyewe, mama alimjibu kwamba anaye, hajafika tu.