Mkono wa Kamaludin

Kamaludin anauza kanga Biashara Street, duka la pili kutoka langu, na ukimpa mkono asubuhi, ujiandae. Akishika haachi. Mteja huvuta doti yake, mwenye duka bado kaing'ang'ania, na wasiomjua humwita mkono wa birika. Uongo mtupu! Mtu yule hana ubahili hata wa kuazima.

Miaka minne iliyopita Daktari Nasipwondi alimweleza kisa chote. Ana jeni yenye hitilafu, ile inayoelekeza mwili kutengeneza protini iliyo kama mlango kwenye misuli. Msuli ukishakaza, mlango hufunguka, msuli ukalegea. Mlango wake yeye ni mzito kufunguka. Akifumba na kufumbua kiganja mara kadhaa hulainika. Akipumzika, mambo ni yale yale. Mtoto wake aweza kuirithi au kuikosa, kama kurusha sarafu. Mahira, bintiye wa pekee, aliirithi.

Hapo Kamaludin akafanya ujinga, nami nilimwambia. Alimkataza binti asitamke neno.

"Wakisikia kuna maradhi ya ukoo," akanijibu, "ni nani atakayemposa?"

Aliyemposa ni Huzaifa, fundi wa saa wa Kibokoni, kijana wa heshima zake. Balaa likawa jingine: baba ndiye anayeoza, na huoza akiwa ameushika mkono wa bwana harusi, mbele ya msikiti mzima. Ukikwama, wazee wa Huzaifa watauliza, na ndoa itaanza kwa fedheha.

Siku yenyewe, baada ya Alasiri, rafiki yangu alikaa akifumba na kufumbua kiganja kama anayekanda unga. Lakini sheikh naye alikuwa na hotuba. Ndefu! Mpaka anamaliza, mkono ulikuwa umeshapoa.

"Nimekuoza binti yangu Mahira."

"Nimekubali kumuoa."

Tukasema mabruk, tukangoja waachane. Wapi! Wazee wa Huzaifa wakatazamana. Kamaludin jasho likamtiririka, na mimi, ninayemcheka kila siku, nikamwonea huruma.

Huzaifa hakuvuta. Alimwinamia, akasema polepole, nami nilikuwa ubavuni nikasikia.

"Tulia, ami. Mahira alinambia zamani, kabla sijatuma wazee. Alisema mkono wake hukawia kuachia, nisiuvute, ningoje."

Vidole vikalegea, niliviona kwa macho yangu. Lakini Kamaludin hakuutoa mkono. Alilia mbele ya watu wote, bado ameushika wa mkwewe.