Askari wa Kokushubila

Kokushubila alikuwa fundi cherehani kule Pugu, na karibu kila mtoto wa shule ya jirani alivaa sare aliyoshona yeye. Alikuwa Mhaya wa maneno machache. Mimi maneno ninayo mengi mno, na ndiyo yaliyoniponza.

Tulifahamiana kliniki, tunakochukulia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Mimi nazitumia mwaka wa kumi na tano sasa, na zahanati imenipa kazi ya kuwafuatilia majumbani wanaolegalega. Chembe za kinga, hizo CD4, sisi tunaziita askari. Mtu mzima mwenye afya huwa nao zaidi ya mia tano. Koku alianza na mia mbili na kumi, akapanda hadi mia nne na thelathini. Nikamtania kwamba sasa anaweza kulinda Ikulu, akacheka kajiziba mdomo kwa kanga.

Kisha wakaanza kupungua. Mia mbili na tisini, halafu mia moja na arobaini, halafu sitini na mmoja. Nesi alimgombeza, akanituma nikahesabu vidonge nyumbani kwake. Nilivihesabu mara mbili juu ya meza ya cherehani. Vilikuwa sawasawa na tarehe, kimoja kwa siku, havikuzidi wala havikupungua.

Mwenye akili angejiuliza. Mimi niliamua kwamba anavitupa chooni, maana wapo wafanyao hivyo ili hesabu itimie. Nikamwambia ana roho mbaya, anajiua kwa makusudi, na akifa ndugu zake wasije wakamsingizia mtu uchawi. Mumewe, Mwalimu Audax, alikuwa pale pale anasahihisha madaftari. Alisikia kila neno na hakuinua kichwa. Koku aliendelea kushona. Niliondoka nimeridhika na nafsi yangu, jambo linalonitia aibu hadi leo.

Kabla ya Pasaka kichwa kilianza kumuuma, shingo ikakakamaa. Fangasi walikuwa wameingia kwenye utando wa ubongo, akalazwa. Nilikwenda kumtazama saa moja jioni, saa yake ya dawa. Audax alitoa kidonge kwenye kopo, akakiweka kwenye kisahani, akakikata katikati kwa wembe, taratibu, kwa mkono uliozoea. Kipande kimoja akamtia mkewe mdomoni. Cha pili akakimeza mwenyewe, ndipo akakumbuka kwamba nimesimama pale.

Nilimuuliza anafanya nini. Akanieleza yote. Tangu mkewe agundulike, yeye hakukubali kupima, kwa kuwa wazazi wa wanafunzi wake wamo kwenye foleni ile ile, na yeye ni mwenyekiti wa jumuiya kanisani. Alipoanza kukonda na kukohoa, Koku akamgawia. Mkewe alilelewa akifundishwa kwamba mke hali peke yake mume akiwa na njaa, na dawa nayo aliihesabu kuwa riziki ya nyumba.

Hasira ilinipanda, nikataka kumzaba kibao, mwalimu mzima yule. Koku akanivuta kanga.

"Mwache, dada Flaviana," alisema. "Na yeye anaumwa."

Hakuniambia tena neno. Alifariki siku ya tatu, na mimi sikuwa nimemwomba radhi.

Msibani wanajumuiya walimsifu mwalimu kwa namna alivyomuuguza mkewe. Niliinama sikioni kwake nikamwambia kesho saa mbili asubuhi namsubiri kliniki, asipotokea nitasimama mbele ya watu hao hao niseme. Kazi yangu hainiruhusu kutisha mtu hivyo, najua. Alikuja, kavaa barakoa na kofia.

Majibu yalipotoka alitaka nimsomee mimi. Askari wake walikuwa hamsini na wanne.

"Na yeye mara ya mwisho alikuwa nao wangapi?" aliuliza.

Nikamwambia sitini na mmoja.

Alishusha barakoa. "Kwa hiyo hata mimi haikunisaidia."

Ningeweza kumfariji. Nilimwambia ukweli, kwamba dozi pungufu haimtibu mtu, inavizoesha virusi hiyo dawa tu, na kwamba Koku angemeza peke yake, leo angekuwa kwenye cherehani yake. Akaniomba nirudie. Nikarudia.