Kibofu cha Mwalimu Wetu

Mimi elimu yangu ni ya jioni. Mchana nilikuwa nikiuza vifaa vya mabomba pale Tudor, na jua likishuka naelekea darasani, miaka mingi hata mbu wa darasa lile wakafuzu kabla yangu. Kwa hivyo nilipopata nafasi hospitalini ya kufunzwa utafiti wa maradhi ya njia ya mkojo, rafiki zangu wa dukani walicheka wakashika mbavu. Wakasema kazi sijabadilisha, ni mabomba yale yale.

Mwalimu wetu alikuwa daktari bingwa, Muhindi mzaliwa wa Mji wa Kale, nyumba yao hatua chache kutoka Ngome ya Yesu. Kimvita chake kimenyooka kuliko changu mimi mtu wa Kaloleni. Wanaume wa pwani yote, toka Lamu mpaka Vanga, walikuwa wamepita mikononi mwake. Ambaye hakupita basi alikuwa bado hajazaliwa. Utafiti wake ulihusu wazee wenye tezi dume iliyovimba ikabana njia. Mzee akishatoka msalani, sisi tunampima kwa altrasaundi tuone mkojo kiasi gani umebaki kibofuni. Ukibaki mwingi, hurudi juu ukaziumiza figo, na figo zikifa hazifufuki.

Alikuwa na taratibu yake moja. Hakuna mtafiti mpya aliyeruhusiwa kumgusa mzee wa watu kabla ya kulala kitandani mwenyewe, apakwe ile jeli baridi tumboni, apimwe na wenzake. Alisema mtu asiyeijua aibu ya kitanda kile hajui kuuliza. Na alitufundisha kwamba kipimo kikitoka cha ajabu, ushuku mkono wako kwanza, halafu mashine, na mgonjwa awe wa mwisho.

Asubuhi ya mazoezi, mwenzetu aliyepangwa kulala wa kwanza alikwama Feri, kivuko kimeharibika. Tukabaki mimi na daktari mmoja mchanga, msichana mwenye heshima nyingi mno. Akigonga kiti, hukiomba radhi kile kiti. Mwalimu akaona tunachelewa. Akaenda msalani, akarudi, akavua koti, akalala. Akasema leo tutaona kibofu cha mfano, tukichore tukitundike ukutani.

Mwenzangu akaweka kipimio juu ya tumbo lake. Kwenye kioo cha mashine pakatokea duara jeusi, kubwa, limetanuka kama tikiti la Marikiti. Mtu katoka msalani sasa hivi. Nikadhani naota.

Tukafanya kama tulivyofunzwa. Mwenzangu alijishuku yeye, akaomba radhi, akanipa mimi kipimio. Nikapima, duara ni lile lile. Nikaishuku mashine. Nikaizima, nikaiwasha, nikakaribia kuisomea dua. Ndipo nikaenda msalani mimi, nikarudi nikalala kitanda cha pili, mwenzangu akanipima. Kibofu changu kilikuwa kitupu, kimenywea kama puto la sherehe ya jana.

Basi mashine ilikuwa nzima. Mikono yetu ilikuwa mizima. Aliyebaki katika ile hesabu ya kushuku alikuwa amelala pale, soksi zake za kijivu zimetutazama. Mtu aliyewaokoa wanaume wa pwani yote!

Naye alikwisha kukiona kioo. Akainuka, akajifuta jeli kwa karatasi, polepole, akasema mashine ile mbovu, iletwe nyingine kesho. Akachukua koti lake.

Mwenzangu alinifinya mkono hata leo nadhani alama iko. Nikamwomba mwalimu akae kidogo. Akaniuliza nina jambo gani. Maneno yalinikimbia yote, yakabaki yale maswali tuliyowauliza wazee kila siku. Nikauliza la kwanza lililokuja.

"Daktari, mkojo umeanza lini kukusumbua?"

"Mimi haunisumbui," akasema. "Wamsumbua mke wangu. Ndiye aamkaye kila nikiamka."

Alisema kwa mzaha, na sisi tukajaribu kucheka, lakini kicheko kilifia midomoni. Akatazama koti mkononi mwake kana kwamba ni la mtu mwingine. Kisha akakaa tena kitandani.

"Mwanangu, niangalia figo," akasema. "Usinifiche."

Nikamshikia mwenzangu taa ya mezani, ingawa mashine haihitaji taa. Nilitaka tu mikono iwe na kazi. Figo zote mbili zilikuwa zimevimba. Mwenzangu akalitamka hilo kwa sauti ya chini lakini wazi, kila neno, na hakuomba radhi.

Mwalimu akaagiza aitwe daktari mpasuaji wa wodini, ambaye naye alikuwa mwanafunzi wake zamani. Yule bwana alikuja akitabasamu, akaona kioo, tabasamu likaanguka sakafuni. Wakavuta pazia, wakamtia mpira wa mkojo, na mfuko ukajaa, ukabadilishwa, ukajaa tena. Damu ikachukuliwa kupimwa.

Mke wa mwalimu alifika kwa tuktuk kutoka Mji wa Kale, buibui limevaliwa kwa haraka, kiatu kimoja cha ndani. Nikamweleza pale ukumbini kwa adabu yote niliyonayo. Akanikodolea macho.

"Aliniambia ni chai imwamshayo usiku," akasema. "Nikamfungia majani kabatini, na ufunguo nimeutia kifuani. Mwaka mzima mume wangu hajanywa chai nyumbani kwake."

Akaketi kwenye benchi. Baadaye mpasuaji akatoka na majibu. Figo zimeumia, akasema, lakini hazijafa. Mkojo ukiendelea kutoka, zitarudi, na tezi itafanyiwa upasuaji nguvu zikirejea. Wangengoja zaidi kidogo, asingetoa ahadi hiyo.

Yule mama aliinuka akaingia nyuma ya pazia. Tukasikia Kigujarati kinamwagika, kikichanganyika na Kimvita cha ukali, mwalimu akiitwa kila jina ambalo daktari bingwa hajapata kuitwa. Kisha sauti ya mama ikakatika, na tukasikia wote wawili wanalia, na mwenzangu akanivuta kanzu tuondoke.