Gari Linamisi

Juzi mdogo wangu Skola alikuwa akinipeleka kanisani Mbinga, gari lake likaanza kusitasita mlimani. "Dada, linamisi," akasema. Nikacheka peke yangu.

Neno hilo nililisikia mara ya kwanza mchana mmoja wa utotoni, nyuma ya pikapu kuukuu iliyonuka petroli na kahawa mbichi. Mama alikuwa na uchungu wa kujifungua, nasi tulikuwa tukimkimbiza hospitali kutoka Mpepai. Kila kilima injini ilikohoa, mwishowe ikazimika kabisa.

"Linamisi hili!" alilalamika mjomba, aliyekuwa akiendesha.

Mimi nikasikia misa. Nikapiga magoti juu ya magunia, nikaimba, "Bwana, utuhurumie."

"We mtoto, nani amekufa?"

"Si umesema gari linataka misa, mjomba?"

Mama, meno yakiwa yameuma kitenge, akacheka. Ninamshukuru Mungu kwa kicheko kile mpaka leo.

Mjomba akashuka kukagua tangi. Kifuniko kilikuwa kimepotea zamani, naye alikuwa ameliziba kwa gunzi la mahindi lililoviringishiwa nailoni. Alipolichomoa, tangi likavuta pumzi ndefu: fyuuu!

"Kumbe nimelinyima hewa! Mafuta yatashukaje?"

Akarudisha gunzi bila nailoni, na gari halikuzimika tena hadi hospitali. Skola akazaliwa jioni ile.

Sasa najua injini inayomisi haihitaji padre. Lakini juzi Skola alipofungua boneti, niliimba taratibu, "Bwana, utuhurumie." Naye, kichwa kikiwa bado kwenye injini, akaitikia.