Sufuria Yenye Masizi

Nilipokuwa msichana mdogo kijijini kwetu Handeni, hakuna aliyethubutu kuchota maji ya chemchemi kwa chombo chenye masizi. Bibi, mama yake baba, alituambia mle anaishi nyoka mkubwa, mwenye maji yale, asiyependa weusi wa moto. Akichukizwa huhama, na akihama huondoka na maji yake. Tuliamini. Mpaka leo nikishika chungu cheusi mkono wangu husita.

Mwaka ule vuli haikunyesha, na masika ikaja kwa manyunyu, ikakatika. Mahindi yalikauka kabla hayajafika magotini. Majirani zetu Wamaasai, waliokaa ng'ambo ya korongo, walipoteza ng'ombe karibu wote. Asubuhi moja mama Nashipai, ambaye binti yake nilicheza naye, alikuja chemchemini na sufuria ya kupikia. Ndoo yake ilikuwa imepasuka. Wanawake walimwona akiizamisha.

"Shikamoo, bibi," alisema alipoinuka.

Bibi hakuitikia. "Umetuua, mama."

"Watoto wana kiu. Nina hii tu."

Baada ya siku chache maji yalishuka. Ukweli ni kwamba yalikuwa yakishuka tangu kitambo. Tulikuwa tukipiga magoti kuyafikia. Lakini sasa tulikuwa na mtu wa kumlaumu. Wazee wakaamua familia yake isikanyage tena pale. Wakabaki kunywa maji ya lambo, ya kijani, na mizoga ya ng'ombe imelala kando.

Nashipai akashikwa na kuhara. Mama yake alimbeba mgongoni kuelekea zahanati, jua likiwa kali, na mtoto akafia njiani. Habari zilipotufikia nililia. Bibi alinivuta kifuani, akanipangusa machozi kwa ncha ya kanga yake, akasema kwa upole, "Nyamaza, mjukuu wangu. Nyoka amelipwa. Maji yatarudi sasa."

Hayakurudi. Wazee walifanya tambiko, wakachinja kondoo mweusi, na chemchemi ikakauka kabisa. Nasi tukashika njia ya lambo.

Nyumbani kwetu bibi ndiye aliyetangulia kuugua. Mama Nashipai akaja na dawa ya magome aliyoichemsha mwenyewe, akakaa kwenye mkeka, akamwinua kichwa.

"Kwa nini unaniletea?" bibi aliuliza.

"Wewe ni mgonjwa, bibi."

Bibi alikunywa. Hakuomba radhi, na naamini hakuona kosa lolote. Tulimzika kabla ya Ijumaa ya juma lile. Mama Nashipai na wenzake wakahama na mifugo michache iliyosalia. Sijawahi kumwona tena.

Sasa naishi Kilole, nina watoto wangu. Redioni wanaeleza kwamba hali ya hewa imebadilika, kwamba joto hili limeletwa na moshi wa nchi za mbali. Nasadiki. Ila elimu hiyo haijanipa pa kwenda. Bibi angalau alijua wa kumwomba na wa kumfukuza. Alikosea yote mawili, na mtoto akafa, lakini mimi niliyeelewa sina hata mtu wa kumgongea mlango.

Juzi nilimpigia mama simu kijijini. Akasema lambo nalo limekauka, watoto wanaharisha, na watu wameanza kuulizana nani amefanya nini.