Misipre ya Mama Spesiyoza

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, hata nikitaka kuisahau. Nilikuwa kijana, nafanya kazi katika kitalu cha miche kule Kinanira, kwa Mzee Ramadhani, mtu wa maneno machache aliyewaoteshea watu wa Bujumbura miti tangu kabla sijazaliwa. Akaja mama mmoja kutoka Kamenge, muuguzi mstaafu, jina lake Spesiyoza. Mwaka ule alikuwa amemzika mwanawe wa pekee. Alitaka misipre mitatu mbele ya nyumba, ile miti iliyochongoka kama mshumaa, isiyopukutisha majani hata kiangazi.

“Nipe mirefu,” aliniambia. “Mi sina miaka ya kungoja.”

Mzee alikuwa ameshanifundisha. Mche wa kuhamisha uwe mfupi, mnene chini, mizizi yake isiwe imejizungusha kama kamba ndani ya kiriba, kile kifuko cha plastiki cha kuoteshea. Ukiung'oa, ung'oe na bonge lake la udongo, ulifunge kwa gunia, lisione jua. Lakini siku hiyo hakuwepo, nami nilitaka kumfurahisha mama wa watu. Tena, nisikufiche, nilitaka nionekane fundi. Nikapanda mlimani juu ya kitalu, nikachimba misipre mitatu iliyonipita kimo. Mabonge yalikuwa mazito. Wahenga walisema mti hauendi ila kwa nyenzo, na mimi nyenzo sikuwa nayo. Nikakung'uta udongo wote, nikaipakia juu ya gari mizizi ikiwa wazi, upepo ukaipiga mpaka Kamenge.

Nikaipanda mbele ya nyumba yake, na mwezi mzima ilisimama kijani. Mama Spesiyoza akiniona njiani ananishika mkono kunishukuru.

Kisha Mzee Ramadhani akapita kwake kumsalimia, nami nikiwa naye. Akakwangua gome la mti mmoja kwa ukucha. Ndani palikuwa pakavu, rangi ya ugoro. Akamuaga mama. Tulipofika barabarani ndipo akaniambia, “Ilikufa siku ileile uliyoing'oa. Miti hii inachelewa kutangaza musiba wake. Rudi umwambie.”

“Mvua itanyesha, Mzee. Labda itachipuka.”

“Musipre ukikauka hauchipuki. Rudi.”

Sikurudi. Nilisema kesho, na kesho yake nikasema kesho. Maji ya mtaa wao yalikuwa yamekatika, na kila asubuhi, kwa wiki tatu, yule mama alibeba madumu kutoka bomba la mbali, akiinywesha miti ambayo mimi nilijua ni kuni. Siku moja nilimkuta ameweka dumu chini, ameshika kiuno. Nikampokea. Nikamsaidia kumwagilia. Katika yote niliyomtendea, mwanangu, hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Majani yalipogeuka mekundu nilikwenda, nikamweleza yote, tangu udongo niliokung'uta mpaka ukucha wa Mzee. Alinisikiliza akiwa amekaa kizingitini, mikono mapajani.

“Ungeniambia tu,” alisema. “Kuzika nimeshazoea. Kungoja ndiyo kunanichosha.”

Nikamwomba nimletee mingine, midogo, nipande sawasawa.

“Apana, mutoto wangu. We ikate tu.”

Nikaikata. Alifariki kabla ya mvua za mwaka uliofuata, na mbele ya nyumba yake palikuwa peupe.

Mwanangu, mficha maradhi kifo humuumbua. Leo unaniomba nikufundishe kazi hii, nami nitakufundisha kuchagua mche na kufunga bonge. Hayo utayajua kwa msimu mmoja. Lakini ukiharibu, na utaharibu, nenda siku hiyohiyo kwa mwenye mti umwambie, hata sauti ikikutetemeka. Usimwache mtu akichota maji kwa ajili ya kitu ulichokiua wewe. Kosa langu la kwanza lilikuwa la ujana. La pili lilikuwa langu mimi, na sijapata wa kunisamehe mpaka leo.

Mungu akupe mgongo wa kubeba udongo wote, na akufungue kinywa mapema kuliko alivyonifungua mimi.