Mwizi wa Mathayo na Mwizi wa Luka

Baba alikuwa dereva wa lori la mchanga, na kila Jumapili aliliosha mbele ya lango la kanisa letu hapa Kitengela, redio ikiishinda kwaya. Wazee wa kanisa aliwaita watoza ushuru, tena wakimsikia. Kwa hiyo alipofariki, walikuja nyumbani kumwambia mama kwamba kanisa halingemzika. Tungemzika bila mchungaji, bila hata wimbo, kama mtu asiye na wenyewe.

Mama alikuwa amewaeleza kwamba siku ya mwisho, hospitalini, baba alikubali kuombewa. Shahidi alikuwa yeye peke yake.

"Mama, sisi wote tulimsikia akitutukana," alisema mwenyekiti wao, mzee Mmaasai mpole ambaye alionekana wazi kutoipenda kazi ile. "Sasa tutaambia washirika nini?"

Mimi nilikuwa nimepandwa na hasira, nataka kuwafukuza. Mama akaniambia niache fujo, nilete Biblia, nisome Mathayo, pale penye wezi waliosulubiwa pamoja na Yesu. Nikasoma: wote wawili walimtukana. Kisha akanipeleka kwa Luka: mmoja alitukana, mwenzake akamkemea, akaomba akumbukwe.

"Niko na swali moja tu," mama akasema. "Hapo nani amedanganya?"

Mzee mmoja akarudisha kikombe chake mezani. Kusema kweli, hata mimi niliingiwa na woga. Mistari hiyo ilinisumbua tangu sekondari na sikuwahi kuthubutu kumuuliza mtu. Mama aliitoa hadharani, katikati ya vikombe vya chai, bila hata kupandisha sauti.

"Hakuna," akajijibu. "Walitukana wote. Lakini mmoja akabadilika kabla jua halijatua. Nyinyi mlimsikia bwana yangu asubuhi. Mimi nilikaa na yeye mpaka jioni."

Mwenyekiti akainamisha kichwa. "Ashe oleng, mama," akashukuru kwa Kimaa, na siku ya mazishi kwaya nzima ilikuja.

Nimewasikia wahubiri wengi, wengine wenye vipaza sauti vya kutikisa mabati, lakini hakuna aliyenishangaza kama mama siku ile. Wageni wa mazishi walipokwisha kuondoka, nikamuuliza baba alisema nini hasa pale hospitalini.

"Alisema, 'Haya, omba basi.'"

"Ni hayo tu?"

Akaanza kukusanya vikombe.

"Kwani yule mwizi alihubiri?"